Mashine Ikijibu, Mwanafunzi Hujifunza Nini?

Itakumbukwa kwamba mnamo Oktoba na Novemba mwaka 2024 watoto wetu wa kidato cha nne walifanya mtihani wa kwanza wa taifa uliotungwa kwa kufuata mtaala mpya wa sekondari ya chini, na kwamba Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, lilitangaza matokeo yake Februari 2025. Wazazi wengi, wakiwemo askari na polisi walio kazini mbali na nyumbani, walitafuta daraja la kwanza na la pili wasilione. Mahali pake walikuta herufi, A mpaka E, kwa kila somo. Kwa siku kadhaa mazungumzo yakawa ni hayo tu: C ni nzuri au ni mbaya? Swali hilo lina haki yake. Lakini liko swali lingine lililofunikwa na kelele za matokeo, nalo ndilo tunalotaka kulichambua leo mbele ya wasomaji wetu walio katika majeshi ya ulinzi na usalama.

Mtaala huo ulianza kutumika mwaka 2020. Kusudi lake, kama lilivyoelezwa na Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala, ni kumwondoa mwanafunzi katika tabia ya kukariri na kumtia katika tabia ya kutenda. Zamani mwalimu aliandika ubaoni, mwanafunzi akanakili, akameza maneno hayo kama kidonge, akayatapika siku ya mtihani, na baada ya wiki mbili hakuna lililobaki kichwani. Sasa anatakiwa afanye mradi: atengeneze sabuni, achunguze maji ya kisima cha kijiji, apange biashara ndogo na kuonyesha hesabu zake. Kazi hizi za darasani na miradi huchukua asilimia 20 ya alama zake za mwisho, na asilimia 80 hutoka katika mtihani wa UNEB. Ni mpango mzuri, nasi hatuna sababu ya kuudharau.

Hata hivyo, kabla kundi la kwanza halijamaliza masomo, dunia ilibadilika. Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa hadharani programu iitwayo ChatGPT, na nyingine za aina hiyo zikafuata upesi. Hii ndiyo akili bandia inayotajwa kila siku, ambayo wengine huiita akili mnemba. Mtu huiandikia swali kwa lugha ya kawaida, nayo hujibu kwa aya zilizopangika vizuri, kwa muda mfupi kuliko ule wa kufunga kamba za buti. Ukiiomba iandike ripoti ya mradi wa sabuni, itataja vifaa, vipimo, hatua, matatizo yaliyotokea na jinsi yalivyotatuliwa. Ripoti hiyo itakuwa safi. Tatizo lake ni kwamba hakuna sabuni iliyotengenezwa, wala mkono wa mtoto haukulowa.

Basi swali letu ni hili: ikiwa elimu imeamua kumpima mwanafunzi kwa kazi aliyoifanya nje ya chumba cha mtihani, na ikiwa kazi hiyo sasa inaweza kuandikwa na mashine, mwanafunzi atajifunza nini?

Wako wanaojibu haraka kwamba mashine ipigwe marufuku. Kwa kweli simu zimekatazwa katika shule zetu za msingi na sekondari, na walimu wakuu wengi huzikamata na kuzifungia kabatini mpaka mwisho wa muhula. Lakini mradi haufanywi wakati wote chini ya jicho la mwalimu, na likizo ni ndefu. Tena tusijidanganye kwamba udanganyifu umeletwa na mashine. Huko Nairobi, miaka mingi kabla ya 2022, vijana waliosoma vyuo vikuu lakini wakakosa ajira waliendesha maisha yao kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, kwa malipo. Mwanafunzi tajiri alinunua akili ya kijana maskini, akapata shahada. Mashine imefanya jambo moja tu jipya: imeishusha bei ya biashara hiyo hadi karibu na bure, hata mtoto wa koplo naye anaimudu.

Ni vema tuifahamu mashine yenyewe, maana adui au rafiki usiyemjua huwezi kumpangia mahali. Akili bandia ya namna hii imelishwa maandishi mengi mno, vitabu, magazeti na kurasa za intaneti, kisha ikafunzwa kukisia neno gani hufuata neno gani. Ustadi wake katika kazi hiyo ni wa ajabu. Lakini haishuhudii jambo lolote. Inapokosa habari haina desturi ya kunyamaza. Mara nyingi hutunga, na hutunga kwa sauti ileile ya uhakika inayotumia inaposema kweli. Polisi wetu watafurahishwa na kisa cha New York cha mwaka 2023. Mawakili waliokuwa wakimtetea mtu aliyeishtaki kampuni ya ndege ya Avianca walipeleka mahakamani hoja zenye kutaja hukumu za kesi za zamani. Hakimu alipozitafuta hukumu hizo hakuziona, kwa sababu hazikuwahi kuwapo: zilitungwa na ChatGPT. Mwezi Juni mwaka huo mawakili hao walitozwa faini ya dola 5,000. Walikuwa watu wazima, wenye leseni na uzoefu. Mtoto wa miaka 16 atajuaje?

Sasa tuone ushahidi kutoka mashuleni. Huko Uturuki watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walifanya jaribio kwa wanafunzi wa sekondari wapatao 1,000 katika somo la hisabati. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa vitabu na daftari kama kawaida. La pili lilipewa akili bandia inayojibu kila kinachoulizwa. La tatu lilipewa akili bandia iliyofungwa lijamu na walimu, itoe dokezo bila kutoa jibu. Wakati wa mazoezi, kundi la pili liliwapita wa kawaida kwa asilimia 48, na la tatu kwa asilimia 127. Kisha mashine zikaondolewa, wote wakapewa mtihani. Wale wa kundi la pili, waliozoea kupewa majibu, walishuka chini ya wanafunzi wa kawaida kwa asilimia 17. Kundi la tatu halikudhurika. Lilikuwa karibu sawa na wale wa kawaida.

Takwimu hizi zinastahili kusomwa mara mbili. Watoto wa kundi la pili hawakuwa wavivu kuliko wenzao, na walipokuwa na mashine walionekana hodari. Mwalimu angekagua madaftari yao angeandika “vizuri sana”. Udhaifu ulijitokeza siku walipoachwa peke yao, na hapo muda ulikuwa umekwisha kupita.

Upande wa pili uko Nigeria. Katika mji wa Benin, jimbo la Edo, katikati ya mwaka 2024, Benki ya Dunia iligharimia mafunzo ya wiki sita baada ya saa za shule, ambapo wanafunzi wa sekondari walitumia akili bandia kujifunza Kiingereza. Alama zao zilipanda kwa kiasi kinachohesabiwa kuwa kikubwa katika utafiti wa elimu. Tofauti iko wapi? Huko Benin mwalimu alikuwamo chumbani. Yeye alichagua mada, akaeleza namna ya kuuliza, akapita kati ya viti. Mashine ilikuwa chombo mikononi mwa mwalimu, kama ilivyo chaki.

Sisi askari tunayo sababu ya kulielewa jambo hili kuliko raia wengi, kwani mafunzo yetu hayajawahi kuamini daftari peke yake. Kuruta haulizwi aandike insha juu ya bunduki. Mkufunzi hueleza, huonyesha, humtaka kuruta aige, kisha humrudisha palepale mara mia mpaka vidole vyake vifungue na kufunga silaha gizani. Kuruta aliyenakili maelezo yote kwa mwandiko mzuri lakini hajaigusa silaha hugunduliwa katika dakika ya kwanza ya uwanja wa shabaha. Hakuna mashine itakayomwokoa hapo. Hii ndiyo maana ya elimu kumuumba mwanafunzi: anajifunza kile anachodaiwa. Ukimdai maneno, atakuletea maneno, kutoka popote yanakopatikana kwa urahisi. Ukimdai tendo mbele ya macho yako, hana njia ila kulitenda.

Mfano ulio karibu zaidi ni lugha hii tunayoiandika. Mwaka 1973 serikali ya wakati ule ilitoa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yakakifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na mtaala mpya wa sekondari ulikuwa tayari umekiweka miongoni mwa masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili, ingawa walimu wa kukifundisha hawajatosha. Nusu karne ya matamko. Na bado mtu akitembea mitaani Kampala atakutana na vijana waliosoma mpaka chuo kikuu wasioweza kusalimia kwa Kiswahili. (Wako pia wazee wanaokiogopa kwa sababu walikisikia kwanza katika vizuizi vya barabarani vya miaka ile mibaya, na hilo ni deni ambalo sisi wenye sare tunalilipa kwa mwenendo wetu.) Lakini mchukue kijana wa Karamoja, wa Kigezi au wa West Nile, mwingize katika chuo cha mafunzo, Kabamba kwa jeshi au Kabalye kwa polisi. Baada ya miezi michache anapokea amri, anatoa taarifa na anataniana na wenzake kwa Kiswahili. Hakupewa kamusi. Alipewa hali ambayo bila lugha hiyo hapati chakula wala hajui kwa nini wenzake wanakimbia. Makosa yake ya ngeli ni mengi, na wasomi wa Pwani wanayo haki ya kucheka, lakini lugha anayo.

Tuliopita shule ya makadeti tunakumbuka pia somo la ramani na dira. Siku hizi simu ya mfukoni humwonyesha mtu mahali alipo kwa msaada wa setilaiti, na kadeti mmoja au mwingine hunung'unika kwamba kuhesabu hatua usiku msituni ni kazi ya karne iliyopita. Nung'uniko hilo lilipata majibu katika vita vya Ukraine, ambako tangu mwaka 2022 pande zote mbili zimekuwa zikivuruga mawimbi ya setilaiti kila siku. Hata kabla ya hapo, Chuo cha Wanamaji cha Marekani, kilichokuwa kimeliacha somo la kuongoza meli kwa nyota, kililirudisha mwaka 2015. Wamarekani hawakuzitupa setilaiti zao. Walitambua tu kwamba afisa asiyeweza kufanya kazi bila chombo hawezi pia kujua chombo kinapokosea.

Kwa polisi jambo hili lina uzito wa aina yake. Kazi ya mpelelezi husimama juu ya maelezo ya shahidi, na maelezo hayo hayana thamani ila yawe maneno ya shahidi mwenyewe, kama alivyoyasema, pamoja na kigugumizi chake. Konstebo kijana aliyezoea shuleni kuipa mashine maneno machache ili iyanyooshe, atashawishika kufanya hivyo hivyo na jalada la kesi. Mashine itaongeza sentensi moja ya kupamba, kwamba kulikuwa na mwanga wa kutosha, kwa mfano, na shahidi hakusema hivyo. Wakili wa utetezi atamuuliza shahidi juu ya mwanga huo. Mshtakiwa mwenye hatia ataachiliwa, au vibaya zaidi, asiye na hatia atafungwa kwa neno lisilokuwa na msemaji. Vilevile yeyote anayeandikia mashine hizo majina ya mashahidi, mpango wa doria au idadi ya askari katika kituo, akumbuke kwamba maandishi hayo hayabaki katika simu yake. Yanasafiri mpaka kwenye mitambo ya kampuni zilizo ng'ambo.

Turudi kwa watoto. Askari wa Uganda huhamishwa mara kwa mara. Mtoto huanza shule Bombo, huendelea Mbarara, hufanya mtihani Gulu. Wako akina baba na akina mama walio Somalia, ambako jeshi letu limekuwapo tangu Machi 2007, na wanaoongea na watoto wao kwa simu dakika chache kwa wiki. Kwa mtoto kama huyo akili bandia inaweza kuwa msaada wa kweli. Inaweza kumweleza mara kumi jinsi ya kugawanya sehemu bila kumkaripia, saa mbili usiku, wakati hakuna mtu nyumbani anayejua hisabati ya kidato cha tatu. Tusimnyime msaada huo kwa hofu. Lakini anahitaji simu yenye uwezo, umeme, na bando, na bando lenyewe limebeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Mtoto wa mtaa wa Kololo anavyo vyote. Mtoto wa kambi ya mbali hana, na pengo hili lisipoangaliwa litakuwa pana kuliko lile la vitabu.

Lugha nayo ni kizuizi. Mashine inajua vizuri lugha zilizoandikwa sana, na Kiingereza ndicho mfalme wake. Kiswahili inakijua kwa kiasi cha kuridhisha. Kilugbara, Kiateso na Kiacholi vimeandikwa kidogo mno. Ndiyo maana tunaithamini kazi iliyofanywa hapa hapa Kampala na maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na shirika la Sunbird AI, ya kukusanya takriban sentensi 25,000 na kuzitafsiri katika Kiganda, Kinyankole, Kiacholi, Kiateso na Kilugbara, ili mashine zifunzwe lugha hizo. Makerere hiyo hiyo ilitengeneza programu ya simu inayotambua magonjwa ya muhogo kwa kuangalia picha ya jani. Vijana waliofanya kazi hizo hawakumwomba mtu awafikirie. Walijua hesabu, na walijua muhogo.

Kuna somo moja ambalo nchi yetu ililipia kwa gharama kubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika. Masomo yalitangazwa redioni, yakaonyeshwa katika televisheni, yakachapishwa magazetini. Maarifa yalikuwapo, na mengine yalifika mpaka mlangoni. Hata hivyo watoto wengi walirudi wakiwa wamesahau kusoma, na wengine hawakurudi kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mbele yao na kusema: leta daftari nilione.

Mtu huyo ni mwalimu, na mwalimu wetu ameelemewa. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Ya sekondari ikafuata mwaka 2007. Lilikuwa tendo kubwa la taifa, na matunda yake yamo katika safu zetu wenyewe. Lakini darasa lenye wanafunzi zaidi ya 80 si jambo geni, na kumtaka mwalimu mmoja atambue ni ripoti zipi kati ya 80 zimeandikwa na mashine ni kumdai muujiza. Programu zinazodai kuutambua mwandiko wa mashine nazo hukosea, humshutumu asiye na kosa na kumwacha mwenye kosa.

Kwa maoni yetu dawa iko katika mdomo. Chuo kikuu hakimpi mtu shahada ya juu mpaka asimame mbele ya jopo aitetee kazi yake. Shule inaweza kufanya hivyo kwa kipimo chake: mwanafunzi asimame dakika tano, aonyeshe sabuni yake, aeleze kwa nini ilikataa kuganda mara ya kwanza, na wenzake wamuulize. Wanafunzi 80 kwa dakika tano ni karibu saa saba. Zikigawanywa katika muhula si mzigo usiobebeka, na ni muda mfupi kuliko wa kusoma ripoti 80 ambazo hakuna aliyeziandika. UNEB nayo ingefaa iangalie kama sehemu ya ile asilimia 20 haiwezi kutolewa kwa utetezi wa namna hiyo, badala ya karatasi zilizowasilishwa.

Kambi na vituo vyetu vinaweza kuanza bila kungoja waraka. Shule nyingi za kambini ziko hatua chache kutoka karakana, zahanati, mashamba na jiko la bwalo, mahali ambapo miradi ya kweli inaweza kufanywa mbele ya mafundi wa kweli. Sajini wa ufundi anayemsimamia kijana akitengeneza pampu hahitaji shahada ya ualimu kujua kama kijana huyo ameielewa au ameinakili. Chumba kimoja chenye kompyuta mbili au tatu, kikifunguliwa jioni chini ya mwalimu au afisa anayejua kuzitumia, kitawapa watoto wa makoplo walichokipata watoto wa Benin. Na mzazi aliye mbali, katika zile dakika chache za simu, aache kuuliza tu umepata ngapi. Amwombe mtoto amweleze mradi wake tangu mwanzo, kwa maneno yake, na asikilize kama anasitasita pale ambapo mtu aliyeifanya kazi kwa mikono yake hangesitasita.